Pesa Yote Hii kwa Tambi?

Shemeji yangu ni mtu mkarimu, na hilo niliseme mapema asije akanuna. Siku moja alitualika chakula cha jioni kwenye mgahawa wa Kichina hapa Dar es Salaam, ule wa aina ya vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wanaokutandikia leso mapajani. Tulikula bata. Tukala samaki mzima aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi. Tukanywa chai kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa ya mtaani. Bili ilipokuja, shemeji akaisoma mara mbili, akainama, akaninong'oneza: "Pesa yote hii kwa tambi?"

Tambi hatukuwa tumeagiza.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba wiki chache kabla, shemeji huyo huyo alilipa bili kubwa kuliko ile kwenye mgahawa wa Kitaliano. Na huko ndiko tulikokula tambi, tena zenye nyanya na jibini juu yake, basi. Hakunong'ona. Alimpongeza mpishi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ni nani aliyeamua kwamba chakula cha watu fulani kina haki ya kuwa ghali, na cha watu wengine kikiwa ghali ni wizi? Sio Wachina peke yao wanaohusika. Sisi wenyewe tukiona ugali na mlenda kwenye menyu ya hoteli kubwa tunaangua kicheko kabla hata ya kuonja. Lakini kwa Wachina jambo hili lina historia iliyoandikwa, yenye sheria, mahakama na moto, na sehemu yake kubwa ilitokea katika mji wa bandari upande wa magharibi wa Marekani: San Francisco. Nimeisoma kwa muda sasa, na nadhani inamjibu shemeji.

Tuanzie 1849. Dhahabu imeonekana California, watu wanamiminika kutoka kila upande, na miongoni mwao Wachina kutoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa nchi yao. Mji umejaa wanaume wenye njaa wasiojua kupika. Wachina wakafungua migahawa. Mwandishi Bayard Taylor, aliyepita pale wakati huo, alieleza jinsi ilivyotambulika kwa bendera za hariri ya njano zenye pembe tatu, na jinsi ilivyouza chakula cha Kichina na cha Kiingereza chini ya paa moja. Wachimba dhahabu walikula, wakashiba, wakarudi kesho yake. Kwa hiyo mwanzo kabisa hakukuwa na aibu yoyote katika kula kwa Mchina. Palikuwa safi na chakula kilikuwa kingi.

Wachina wenyewe, nao, walijua tofauti ya mlo wa kibarua na mlo wa bwana. Katika mtaa wao, mgahawa mkubwa ulikuwa na ghorofa tatu hivi, na bei ilipanda kwa ngazi. Chini walikula vibarua, haraka haraka, wali na mboga. Ukipanda juu kabisa unakuta viti vya mbao ngumu zilizochongwa, taa za karatasi, wanamuziki, na roshani inayotazama barabara. Huko ndiko wafanyabiashara walikofanyia karamu zao, kukiwa na supu ya viota vya ndege na mapezi ya papa, bidhaa ambayo hata wavuvi wa pwani yetu wameiuza kwa soko la Wachina kwa miaka mingi. Yaani wanaosema mgahawa wa Kichina wa kifahari ni mtindo wa juzi tu, wamechelewa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1865 wafanyabiashara hao walimwandalia karamu mgeni mkubwa: Schuyler Colfax, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Walitoa walichokuwa nacho kizuri kuliko vyote. Sahani zilikuja kwa mamia, kwa awamu, wageni wakiinuka kupumzika kila awamu ilipokwisha ili meza iandaliwe upya. Katika msafara alikuwemo mhariri wa gazeti, Samuel Bowles, ambaye aliandika kitabu kuhusu safari ile. Bowles alionja hiki, akagusa kile, na tumbo likabaki tupu. Karamu ikiwa bado inaendelea, mkazi mmoja wa mji akamtoa kimyakimya hadi mgahawa wa Kimarekani, akaletewa nyama ya kondoo, viazi vya kukaanga na shampeni.

Mimi huwa narudi kwenye kisa hiki. Fikiria wewe ndiye mwenyeji. Umechinja, umepika, umetoa vyombo vya wageni, na mgeni wako anatoroka katikati ya karamu kwenda kutafuta viazi. Kilichokosekana pale juu mezani hakikuwa ladha wala pesa. Ilikosekana imani ya mgeni kwamba watu hawa wanaweza kumfundisha kula.

Na imani ikikosekana, sheria hufuata. Reli ya kuvuka bara ilikamilika 1869, kwa jasho la maelfu ya Wachina, halafu kazi zikaadimika na Mchina akawa ndiye mwizi wa kazi. Mwaka 1877 magenge yalivamia mtaa wao San Francisco na kuchoma madobi yao. Mwaka 1882 Rais Chester Arthur akatia saini sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini kwa miaka 10. Ikaongezwa 1892, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikafanywa ya kudumu. Aliyekuwa ndani hakuruhusiwa kupata uraia. Kibarua hakuweza kumleta mke wake wala watoto. Mitaa ya Wachina ikawa mitaa ya wanaume wanaozeeka peke yao, wakituma pesa nyumbani kwa wake waliowaona mara mbili au tatu maishani.

Sheria ilikuwa na mlango mdogo: mfanyabiashara aliruhusiwa. Yeye angeweza kusafiri akarudi, na kuleta familia. Lakini mfanyabiashara ni nani? Mwenye duka, ndiyo. Dobi, hapana. Na mwenye mgahawa? Kwa muda mrefu maofisa walisema hapana, huyo ni mtu wa kazi za mikono. Mwaka 1915 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba mwenye mgahawa naye ahesabiwe mfanyabiashara.

Hapa ndipo kitambaa cheupe kinapoingia kwenye historia, na nakuomba msomaji usipite haraka. Maofisa wa uhamiaji hawakukubali mgahawa wowote tu. Walitaka uwe mkubwa, wa daraja la juu. Kibanda cha supu hakikutosha. Na mwombaji alitakiwa awe meneja kwa angalau mwaka mzima bila kufanya kazi ya mikono: asioshe sahani, asihudumie meza, asikae kwenye kaunta ya kupokea pesa. Zaidi ya hapo, alihitaji mashahidi wawili wasio Wachina wa kuthibitisha hivyo. Mtu aliyekuwa akipika tangu utoto alilazimika kukaa mwaka mzima mikono yake ikiwa safi, akiwatazama binamu zake wakimenya vitunguu, kwa sababu akionekana ameshika sahani chafu, mke wake anabaki Guangdong.

Mwanahistoria Heather Lee, aliyefukua mafaili ya uhamiaji ya kipindi hicho, ameonyesha walivyolitatua. Wakachanga. Ndugu na watu wa kijiji kimoja waliweka fedha zao pamoja, wakafungua mgahawa mmoja wa kifahari, kisha wakapokezana umeneja. Mwaka huu ni zamu yako, mwaka mmoja au na nusu ukipita ni zamu ya mwingine, na kila aliyemaliza zamu yake alikuwa na haki ya kuomba karatasi za mfanyabiashara. Mama zetu hapa wangeuelewa mfumo huo bila kuelezwa. Ni upatu. Tofauti ni kwamba badala ya kupokezana fedha, walipokezana cheo, na aliyepata "mchezo" alileta mke.

Matokeo yake yalionekana zaidi New York, upande wa pili wa nchi. Kwa utafiti wa Lee, idadi ya migahawa ya Kichina katika jiji hilo iliongezeka mara nne kati ya 1910 na 1920, kisha ikazidi kuongezeka mara mbili katika miaka kumi iliyofuata. Mingine ilikuwa kumbi kubwa kandokando ya Broadway, zenye bendi na sakafu ya kuchezea dansi. Watu wakidhani Wamarekani waliamka ghafla na hamu ya chop suey, mchanganyiko ule wa vipande vya nyama na mboga. Hamu ilikuwepo, sikatai. Lakini nyuma ya zile taa kulikuwa na wanaume waliohitaji ukumbi uonekane wa gharama ili ofisa aridhike. Kwao anasa ilikuwa fomu ya viza.

Mwaka 1929 mchoraji Edward Hopper alichora sehemu ya namna hiyo: wanawake wawili wamekaa mezani, birika la chai, na nje ya dirisha kipande cha bango la taa. Picha yenyewe aliiita *Chop Suey*. Mwaka 2018 iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 92. Mpishi hayumo kwenye picha.

Turudi San Francisco. Tetemeko na moto wa Aprili 1906 viliteketeza mtaa wa Wachina wote. Wakubwa wa mji wakaona hapo ndipo pa kuwahamishia pembezoni, eneo liuzwe kwa wengine. Wafanyabiashara wa Kichina wakakataa, na wakajenga upya haraka kwa akili ya kibiashara: mapaa yaliyopinda, minara kama ya pagoda, rangi nyekundu na dhahabu. Majengo yale, ambayo watalii hadi leo huyapiga picha wakidhani wameona China, yalichorwa na wasanifu wa Kizungu kwa oda ya Wachina waliojua mgeni anataka kuona nini. Ilikuwa mbinu ya kutofukuzwa. Lakini mbinu hiyo ilikuwa na deni lake: mgeni akishazoea kwamba Mchina ni taa nyekundu na sahani ya bei poa, kumbadilisha mawazo ni kazi.

Sheria ya 1882 ilifutwa mwaka 1943, China ikiwa upande wa Marekani vitani, na nafasi zilizotolewa kwa Wachina zilikuwa 105 kwa mwaka. Sio kosa la uchapaji. Mia moja na tano. Miaka kumi baadaye, 1953, Johnny Kan alifungua mgahawa wake Grant Avenue, katikati ya mtaa wa Wachina, ukiwa na vitambaa vyeupe na jiko lenye ukuta wa kioo. Kioo kile kilikuwa jibu la tusi la karne nzima, lile la eti hujui wanapika nini huko nyuma. Haya, tazama.

Kisha akaja Cecilia Chiang. Alizaliwa 1920 katika familia tajiri na kukulia Beijing, kwenye jumba la vyumba 52 lenye wapishi wawili, ambako watoto hawakuruhusiwa hata kuingia jikoni. Vita na Japani vilipokolea, mwaka 1942 yeye na dada yake walikimbia kwa miguu, safari ya karibu miezi sita, hadi Chongqing. Mwaka 1949 akahamia Tokyo, akafungua mgahawa huko. San Francisco alifika 1960 kumfariji dada yake aliyefiwa na mume. Akakutana na marafiki wawili waliotaka kukodi pango la mgahawa, akawawekea amana ya dola 10,000, nao wakamkimbia. Amana hairudishwi. Ikabidi afungue mgahawa mwenyewe. Akauita The Mandarin.

Alikataa kupika chop suey. Menyu yake ya mwanzo ilikuwa na vyakula zaidi ya 200, vya kaskazini na vya Sichuan, ambavyo wateja hawajawahi kuvisikia: bata aliyefukizwa kwa moshi wa majani ya chai, vifuko vya unga vyenye nyama ndani vilivyokaangwa upande mmoja, kuku wa ombaomba anayefunikwa kwa udongo na kuokwa mpaka mifupa inaachia. Hata Wachina wenzake walimfanyia ugumu. Wauza vyakula wa mtaa wa Wachina walikuwa watu wa kusini waliozungumza Kikantoni, yeye akizungumza Kimandarini, na hawakumpa mali kwa mkopo: lipa taslimu, mama, au ondoka. Siku nyingi viti 65 vilikaa vitupu. Kilichomwokoa ni safu ya Herb Caen katika gazeti la San Francisco Chronicle. Alisifu chakula kile, na simu ya mgahawa haikutulia tena.

Mwaka 1968 alihamia Ghirardelli Square, kiwanda cha zamani cha chokoleti kinachotazama ghuba, akiwa na viti 300. Aliondoa dhahabu, nyekundu na madragoni. Miaka minne baadaye, Februari 1972, Marekani nzima ilimwona Rais Nixon kwenye televisheni akihangaika na vijiti katika karamu ya Beijing. Kesho yake kila mtu akawa anataka "chakula halisi cha Kichina". Cecilia Chiang alikuwa anakipika kwa zaidi ya miaka kumi. Aliuza mgahawa 1991, na alifariki Oktoba 2020 akiwa na umri wa miaka 100.

Wengi wakisimulia historia hii huishia hapo, kwa makofi. Mimi kuna kitu kinanikwaza. Tukimsifu Cecilia Chiang kwamba alileta heshima, tunasema bila kusema kwamba waliomtangulia hawakuwa nayo. Na Wamarekani walimwamini kirahisi kiasi kwa sababu alikuwa binti wa jumba, aliyejua meza ya wakubwa inavyopangwa. Wale wanaume wa upatu hawakuwa na vyumba 52 vya kusimulia. Chop suey waliyopika, ambayo leo tunaicheka kwamba si ya Kichina, ndiyo iliyolipa nauli za wake zao. Kama ni heshima, mimi naiona kwa meneja anayekaa mwaka mzima asiguse sahani, kama ninavyoiona kwa bibi wa Ghirardelli Square. Vitambaa vyao vyote vilikuwa vyeupe. Cha huyu kilidai utambuliwe ustadi wa wapishi wake; cha wale kilidai mtoto aruhusiwe kumwona baba.

Profesa Krishnendu Ray wa Chuo Kikuu cha New York, katika kitabu chake cha 2016 kuhusu wahamiaji wenye migahawa, anaonyesha kwamba bei tunayokubali kulipia chakula cha taifa fulani hufuata hadhi tuliyowapa watu wake. Chakula cha Kitaliano kilidharauliwa Marekani wakati Waitaliano walipokuwa vibarua wapya. Wajukuu walipopanda, na tambi zikapanda. Cha Kijapani kilipanda Japani ilipotajirika. Basi kumbe shemeji hakuwa anasoma bei ya bata. Alikuwa anasoma daraja ambalo wengine walishaliandika kabla yake, na lililotufikia sisi Dar es Salaam bila kulipiwa ushuru.

Mwaka 2016, katika mtaa ule ule wa Wachina San Francisco, Brandon Jew alifungua mgahawa wa Mister Jiu's katika jengo lililowahi kuwa ukumbi wa karamu wa Wachina. Mwaka huo huo ukapewa nyota ya Michelin. Na bado huko kwao shemeji wapo wengi, wanaouliza kwa nini bata wa Mchina awe na bei ya bata wa Mfaransa. Bata ni yule yule. Kumkausha, kumpaka na kumwoka kunachukua siku kadhaa.

Shemeji nilimsimulia haya yote kwa kipande kipande, nyumbani kwake, tukiwa tumekaa barazani. Alisikiliza. Habari ya mtu kukatazwa kuosha vyombo ili amlete mkewe ilimgusa, maana yeye mwenyewe aliwahi kuishi miaka mingi mbali na dada yangu kwa ajili ya karatasi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Lakini wewe ndugu yangu, pilau ya mama yako, ukiiona hotelini kwa bei ya yule bata, utalipa?"

Nilifungua mdomo kujibu haraka. Nikakuta sina jibu la haraka.